MJI MDOGO NDANI YA JIJI

Mazungumzo juu ya Mji wa Kale wa Mombasa, yaliyosomwa mbele ya wanachama. Yanachapwa hapa kwa ombi la waliokuwapo, na kwa faida ya wasiokuwapo.



Tulipoombwa kuja kusema mbele yenu jioni hii tulitaka kwanza kukataa, maana mtu aliyezoea kupiga taipu maneno ya wengine huona haya anaposimama kusema maneno yake mwenyewe. Walakini Bwana Katibu alitukumbusha ya kuwa katika mkutano uliopita mwanachama mmoja, kijana aliyehamishiwa hapa kutoka bara, aliuliza swali nasi tukacheka badala ya kumjibu. Swali lake lilikuwa hili: “Huo Mji wa Kale mnaousifu una nini, ila kuta mbovu na harufu ya samaki?” Kucheka si jibu. Jioni hii tumekuja kulipa deni lile, na twamwomba radhi mwenye swali, ambaye tunamwona ameketi pale nyuma karibu na mlango, labda apate kutoka upesi.

Wenzetu wa matawi ya mbali watakaosoma karatasi hii yafaa waelezwe mahali tunapopasema. Jiji la Mombasa lilianza kisiwani, na sasa limevuka maji pande zote: limefika Kisauni na Bamburi upande mmoja, Likoni na Mtongwe upande wa pili, Changamwe na Jomvu upande wa tatu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 kaunti nzima ilikutwa na watu 1,208,333. Mji wa Kale ni kipande kidogo cha upande wa mashariki wa kisiwa, kuanzia Fort Jesus, au Ngomeni kama wazee waitavyo, na kufuata ufuo wa Bandari ya Kale, pamoja na mitaa kama Kibokoni na Kuze, hata kufika kwenye barabara ya Digo, ambayo zamani ikiitwa Salim Road. Mtu asiyesimama kusalimu aweza kuukata wote kwa miguu kwa muda wa nusu saa. Lakini mtu wa namna hiyo hatujamwona bado.

Tuanze na jambo dogo la kazi, kwa kuwa sisi ni watu wa kazi. Juma lililofuata swali lile, tarishi wetu alikuwa mgonjwa, na palikuwa na barua ya kumpelekea mzee mmoja aliyestaafu zamani. Jaladani hapakuwa na anwani ila jina lake na neno “Kibokoni”. Hapakuwa na nambari ya nyumba wala ya sanduku la posta. Tukampa kijana wetu barua hiyo, tukamwambia aende. Akatutazama kama mtu aliyeambiwa ateke maji kwa tenga, lakini akaenda.

Alivyotusimulia aliporudi ni hivi. Katika baraza ya kwanza aliwakuta wazee wanne. Akawaamkia “Shikamoo,” wakaitikia, wakamkaribisha aketi. Akataja jina. Mmoja akasema, “Watu wa jina hilo ni wawili, mwanangu. Wamletea barua ya nini, ya heri?” Akajibu, “Ya pensheni, mzee.” Mzee akasema, “Basi wamtaka yule wa forodha, maana yule mwingine hajakula mshahara wa serikali hata siku moja. Saa hizi hayuko kwake, yuko kwa kinyozi. Pita uchochoro huu, ukiona mlango wa kijani ushike kushoto.” Alipofika kwa kinyozi alimkuta mwenye barua amekwisha kusimama nje, upande mmoja wa ndevu umenyolewa na upande mmoja bado, amenyosha mkono kuipokea. Mtoto mmoja alikuwa ametumwa mbele kwa uchochoro mwingine kumpasha habari. Safari nzima, pamoja na salamu, ilikuwa kama robo saa. Juma lilo hilo barua nyingine ilikwenda katika mtaa mpya ng'ambo ya daraja la Nyali, ikiwa na nambari ya kiwanja, nambari ya nyumba na jina la barabara. Ikarudi mara mbili.

Hilo ndilo tulilotaka kulisema kwanza. Uzuri wa Mji wa Kale wageni huutafuta katika milango ya nakshi na roshani za mbao, wakapiga picha wakaenda zao. Milango ni mizuri, hatukatai. Lakini kilicho adimu katika jiji la watu zaidi ya milioni ni mahali ambapo mtu hajulikani kwa nambari.

Sasa, ajabu ni kwamba mji huu haukuwa mdogo tangu mwanzo. Ibn Battuta alilala hapa usiku mmoja mwaka 1331, akaandika habari za misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri, na vyombo vya maji milangoni ili mtu aoshe miguu kabla ya kuingia. Vasco da Gama alifika mwaka 1498. Wareno waliuteka na kuuharibu mwaka 1505, na tena 1528, na tena 1589, na watu hawarudii kuteka kijiji kisicho na kitu mara tatu. Mwaka 1593 wakaanza kujenga ngome, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Mwaka 1696 Waarabu wa Omani wakaizunguka ngome hiyo, na hawakuingia ndani mpaka Desemba 1698. Baadaye wakatawala Wamazrui, kisha Seyyid Said akautwaa mji mwaka 1837. Miaka hiyo yote, mtu aliposema Mombasa alikuwa akisema kipande hiki. Huko kwingine kulikuwa mashamba, minazi, miembe na vichaka.

Hata Waingereza walipoingia mwaka 1895 walianzia hapa. Ngome waliifanya gereza, nayo ikawa gereza hata mwaka 1958. Mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho, na watu wa vizazi vijavyo watafikiri ilijengwa kwa ajili hiyo. (Twasamehewe mzaha, la kweli ni kwamba mwaka 2011 iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.) Posta ya mwaka 1899 ilikuwa Ndia Kuu, na katika dirisha lake wafanyakazi wa reli waliotoka Bara Hindi walipeleka barua na fedha kwao. Mahakama ilijengwa mbele ya ngome mwaka 1902. Afisa aliyetaka kwenda Kilindini aliketi juu ya kigari kidogo cha reli, kikasukumwa na watu wawili wakikimbia nyuma yake. Makarani wa zamani, baba zetu katika kazi hii, walitoka nyumbani kwa miguu, wakaingia afisini, na adhuhuri wakarudi kula kwao.

Kisha ukubwa ulihama. Reli iliyoanza kutandikwa mwaka 1896 haikuelekea kwenye bandari ya majahazi. Ilielekea Kilindini kwenye maji ya kina. Makao makuu ya serikali yakahamishiwa Nairobi mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1926 gati za kwanza za meli kubwa zikafunguliwa Kilindini, na tangu hapo Bandari ya Kale ikabaki na majahazi yaliyokuja na kaskazi yakiwa na tende, chumvi, mazulia na papa mkavu, yakarudi na kusi yamebeba boriti. Nayo hayo yakapungua mwaka hata mwaka, na leo mtu aweza kukaa pale ufuoni asubuhi nzima akahesabu vyombo kwa vidole vya mkono mmoja. Kwa hiyo udogo huu tunaousifu ulipatikana kwa hasara. Biashara na madaraka vilipokwenda zao, walibaki watu na nyumba zao, na waliobaki wakabaki kwa kujuana.

Kujuana huku kuna vyombo vyake kama kazi yoyote ilivyo na vyombo vyake, na cha kwanza ni boriti. Nyumba ya zamani hujengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa, na dari yake hubebwa na boriti za mikoko. Boriti haiwi ndefu upendavyo. Basi upana wa chumba ni urefu wa boriti, yaani mita mbili na nusu au tatu hivi, hata mwenye nyumba akiwa tajiri. Vyumba vikiwa vyembamba na kuta nene, ndani huwa baridi na kiza, na mtu akitaka mwanga na mazungumzo hutoka nje mlangoni. Mlangoni pana baraza ya mawe. Mbele ya baraza pana njia nyembamba isiyopitisha gari kubwa; hupita watu, punda mara mojamoja, siku hizi tuktuk inayokwaruza kuta, na mkokoteni wa hamali anayelia “Simile!” mpaka walioketi wainue miguu. Mtu hawezi kupita upana wa namna hiyo bila kumwamkia aliyeketi. Akipita mara mbili bila kuamkia, ataulizwa kama ni mgonjwa.

Jioni, baada ya magharibi, huja muuza kahawa na dele lake la shaba juu ya makaa, akigonganisha vikombe ili watu wajue kafika. Kahawa tungu na kipande cha kashata, na hapo mambo ya mji huamuliwa: nani anaoa, nani amefiwa, mazishi ni baada ya sala ipi, kijana gani amepata kazi na gani ameikosa kwa upumbavu wake. Sisi tulipokuwa wapangaji Kibokoni, zaidi ya mara moja tulipata katika baraza habari ya uhamisho wa mtu kabla barua yake haijapigwa taipu. Jinsi ilivyotoka afisini hatujui, na Bwana Mwenyekiti tafadhali asituulize.

Wanawake nao wana mabaraza yao, ndani uani na juu dirishani, na habari zao ni sahihi kuliko zetu. Katika mwezi wa Ramadhani sahani ya futari ikipelekwa kwa jirani hairudi tupu. Ikienda na mbaazi hurudi na mahamri, ikienda na tambi hurudi na viazi vya karai. Kwa njia hiyo nyumba ambayo haikupika hujulikana ile ile siku ya kwanza, bila mwenyewe kufungua kinywa chake kuomba.

Twataka kueleza pia juu ya maneno, kwa sababu makarani twaishi kwa maneno. Mshairi mkubwa wa mji huu, Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka 1840, alitunga juu ya vita na siasa za Wamazrui, akatunga pia juu ya bei za vitu, mapenzi na ugomvi wa majirani. Mashairi yake mengi hayakuhifadhiwa katika kasha la mfalme yeyote. Yalibaki vinywani mwa watu miaka mingi baada ya kufa kwake, na Mwalimu Sikujua bin Abdallah akayakusanya kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka, mmisionari W. E. Taylor akayahifadhi, na mwaka 1940 William Hichens akayatoa kitabuni huko Johannesburg. Mitaa ile ndiyo iliyokuwa maktaba yake. Na hapa turuhusiwe kunung'unika kidogo: mkutano ulioamua mwaka 1928 ya kuwa Kiswahili cha afisini na cha shuleni kifuate Kiunguja ulifanyika papa hapa Mombasa, katika mji wa Muyaka. Ndiyo maana sisi twaandika “njia” katika barua na kibao cha barabara chasema Ndia Kuu. Tumekwisha kuzoea, lakini wazee wa barazani hawajasamehe.

Wala msidhani ya kuwa tunawauzia pepo. Mji mdogo una macho mengi. Msichana akisimama mahali pamoja kwa dakika tano, habari hutangulia kumfikia mama yake. Mpangaji aliyetoka bara aweza kukaa miaka kumi akiitwa mgeni, na watoto wake pia, na jambo hilo si zuri hata likisemwa kwa tabasamu. Wenyeji wenyewe kati yao wamegawana tangu zamani, Thelatha Taifa na Tisa Taifa, na pamoja nao wako Waarabu wa Hadhramaut, Wabulushi wenye msikiti wao Makadara, Mabohora wenye msikiti wao ufuoni, Wabajuni, na Wahindi wa namna nyingi. Nao hukaa pamoja kwa heshima, si mara zote kwa mapenzi. Mifereji ya maji machafu ni ya aibu. Harufu ya samaki aliyoitaja kijana wetu ni ya kweli, na ya mifereji ni mbaya zaidi.

Basi tumefika kwenye jambo lililotufanya tukubali kusema, nalo si jepesi kwetu.

Mwaka 1990 serikali ilitangaza Mji wa Kale kuwa eneo la kuhifadhiwa kwa sheria. Tangu hapo mwenye nyumba hawezi kubomoa wala kubadili sura yake bila ruhusa. Sheria hiyo ni njema, na bila hiyo labda leo tungekuwa tunazungumza juu ya mji uliokwisha. Lakini ruhusa ni karatasi, na karatasi hupita mikononi mwa watu. Watu hao ni sisi.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukifanya kazi katika afisi moja ambayo hatutaitaja. Bibi mmoja mzee, mjane, mwenye nyumba ya ghorofa moja ya mawe, alileta barua. Iliandikwa na mjukuu wake kwenye karatasi ya daftari la shule. Aliomba ruhusa kubadili boriti nne za chumba cha nyuma zilizoliwa na mchwa na kupaka chokaa upya. Hakuwa na michoro, na kanuni ilitaka michoro, tena nakala zaidi ya moja. Tukaandika pembeni kwa wino mwekundu: “Irudishwe kwa mwombaji, haikutimia.” Kisha tukaona barua haina anwani ya posta, tukaiweka katika sinia ya mambo yanayongoja, na juu yake tukaweka nyingine.

Bibi alikuja mwenyewe mara tatu. Aliketi juu ya benchi la korido amejifunika buibui lake, na kila mara tulimwambia kwa adabu kubwa, “Bibi, mambo yanashughulikiwa, njoo juma lijalo.” Hatukusema uongo kwa kukusudia. Tulikuwa tumesahau imo sinia gani. Ndugu wanachama, yule kijana wetu alimpata mtu Kibokoni kwa robo saa kwa jina tu. Nyumba ya bibi huyu ilikuwa karibu na afisi yetu kuliko hapo kwa kinyozi.

Masika ya mwaka ule yalikuwa makali. Usiku mmoja, saa nane, boriti zikaanza kulia. Waliosikia ni majirani, kwa sababu ukuta ni mmoja. Hawakungoja mtu wa kuwaonyesha. Walijua bibi hulala chumba gani, walijua hasikii sawasawa sikio la kushoto, walijua mlango wa nyuma hufungwa kwa komeo na si kwa kufuli. Vijana wawili wakaruka kwa dari ya jirani, wakamtoa mikononi na mtoto mmoja aliyekuwa akilala naye. Kisha pembe yote ya nyuma ikaanguka. Asubuhi tulipofika afisini habari ilikuwa imekwisha kutangulia, na tulipofungua sinia barua ilikuwa ya nne kutoka juu.

Hakufa mtu, na hilo hatulipati kwa sifa yetu. Lakini nyumba ilikufa. Warithi walikuwa kumi na mmoja, wengine Mombasa, wengine Unguja, wengine Maskati, na kujenga upya kwa mawe na chokaa kulitaka fedha ambazo hakuna aliyekuwa nazo. Wakauza. Mlango wa nakshi ulikwenda kwa mfanya biashara kabla ya nyumba yenyewe. Palipokuwa na nyumba ile sasa pana bohari lenye mlango wa chuma, halina baraza, na likifungwa jioni upande ule wa njia huwa kimya. Wazee waliokuwa wakiketi hapo wamesogea kwenye baraza ya pili, ambako nafasi ni ndogo, na baadhi yao hawaji tena.

Tulikwenda kumwona bibi huko Kisauni alikopelekwa na mwanawe. Alitukaribisha vizuri, akatupa chai, wala hakutaja barua, na hilo lilituumiza kuliko kama angelitutukana. Tukamwuliza hali ya mahali pale. Akasema, “Hapana neno, mwanangu. Maji yako, taa ziko, na mwanangu ana heshima. Lakini kule kwetu dirisha langu likichelewa kufunguliwa alfajiri, mtu alikuwa agonga. Hapa nalifungua saa nnipendayo, hapana ajuaye.”

Tumelifikiri neno hilo mara nyingi. Watu wa hifadhi wana kazi yao ya kuhesabu roshani na kupima kuta, nasi twaiheshimu. Lakini nyumba ikibaki na wenyewe wakaondoka, ikafanywa duka la vitu vya watalii au bohari, boriti zitakuwa salama na hapatakuwa na mtu wa kusikia zikilia. Na wenyewe huondoka kwa sababu ndogondogo: michoro wasiyoweza kulipia, fomu iliyoandikwa kwa Kiingereza kwa bibi asomaye Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, safari tatu za benchi la korido. Hatusemi ya kuwa sisi makarani ndio tuliohamisha bandari. Twasema ya kuwa boriti nne zilikuwa ndani ya uwezo wetu.

Kwa hiyo tumekuja na maombi, si hotuba tupu. Twaomba chama kiandike barua ya adabu kwa wahusika, kuomba fomu fupi ya Kiswahili kwa matengenezo madogo ya nyumba za zamani, kando ya ile ya ujenzi mkubwa. Kielelezo tumekwisha kukiandika, ni ukurasa mmoja, na Bwana Katibu anacho. Twaomba pia kila mwanachama ambaye karatasi za Mji wa Kale hupita mezani kwake, akiona barua haikutimia, asiandike “irudishwe” akaishia hapo. Amtume tarishi, au aende mwenyewe akirudi nyumbani, amwambie mwombaji kwa kinywa kilichopungua. Kwenda Kibokoni hakuhitaji nauli.

Na la mwisho, twahitaji watu. Wako kati yenu waliojifunza kuchora ramani katika Kazi za Umma. Tumezungumza na wazee wa baraza moja karibu na Ndia Kuu, nao wamekubali tuketi kwao kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi baada ya sala ya alasiri, ili mwenye nyumba asiye na mtu wa kumwandikia aje tumsaidie kutayarisha maombi yake bila malipo. Kahawa itakuwapo, wazee wamesema watailipia wao, na tulipokataa walikasirika. Anayetaka kujiunga aache jina lake kwa Bwana Katibu kabla ya kuondoka. Orodha tayari ina jina moja, la yule kijana aliyeuliza swali. Alitwambia kabla ya mkutano ya kuwa njia ya kwenda huko haimpi taabu: atapita kwa kinyozi, ashike kushoto.